Waya Uliovaa Nguo

Kabla sijasema lolote, nataka ijulikane kwamba nyaya zangu zilikuwa zikifanya kazi. Sauti ilipita safi, bila mkwaruzo, kutoka kwenye redio hadi kwenye kinasa sauti, kutoka kwenye maikrofoni hadi kwenye amplifaya, na aliyesema vingine alikuwa na wivu au na nta masikioni. Ugomvi wetu haukuwa wa sauti. Ulikuwa wa sura. Miaka ile ya tisini watu wa Garissa walikuwa wameshaona vitu vya Dubai vikimetameta ndani ya mifuko ya nailoni, na macho yao yalikuwa yameshadeka. Ukimpa mtu waya ulioungwa kwa mkono, anaushika kwa ncha za vidole kama aliyepewa panya.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa. Baba yangu alikuwa fundi wa redio, na katika watoto wake wote ni mimi peke yangu niliyependa harufu ya risasi ikiyeyuka. Alinifundisha kulehemu kabla sijajua kukaanga kitunguu, na mama akalalamika mpaka akachoka. Nilipoolewa na dereva wa lori la maji, lile la kutoka Garissa kwenda Dadaab, nilimfuata huko na sanduku la nguo na chuma cha baba cha kulehemu: kipande cha shaba kwenye mpini wa mbao, unakichomeka kwenye jiko la makaa mpaka kishike moto, basi. Hakitaki umeme. Garissa umeme ulikuja ukitaka na kuondoka ukitaka, kwa hiyo mafundi wenye vyuma vya kisasa walikaa wakifukuza nzi, na mimi nafanya kazi.

Mume wangu alikuwa barabarani zaidi kuliko nyumbani, nami si mwanamke wa kukaa ndani nikitazama dari. Nilikwenda kwa mwenye duka la kanda, mzee mnene mwenye ndevu za hina, duka lake likitazama barabara ya kwenda soko la mifugo, nikamwomba nafasi ya meza barazani pake. Alicheka. Ati mwanamke na redio! Nikamfungulia redio yake mwenyewe, ile ambayo mafundi wa mjini walikuwa wameshaikatia tamaa, na ilipoanza kusoma taarifa ya habari akaacha kucheka. Akanipa pembe ya baraza, kivulini. Wateja wake walikuja kurekodiwa nyimbo: madereva, walimu wa kutoka bara, wasichana waliojificha nyuma ya mitandio, na kila aliyeona meza yangu alikumbuka redio yake mbovu iliyolala nyumbani. Tulikaa vizuri, mimi na mzee yule, na ile meza ikawa ndiyo dunia yangu. Nikiwa pale nilikuwa fundi. Nikirudi nyumbani nilikuwa mke wa dereva tu.

Nyaya nilianza kuziunga kwa sababu hazikuwapo. Mtu anataka kuunganisha redio na kinasa, hana waya; msikiti wa bula ya pili, yaani mtaa wa pili, maikrofoni yao imekatika shingoni. Nilikusanya mabaki popote: waya wa simu iliyokufa, waya wa antena, plagi za vyombo vilivyotupwa. Nikaunga. Na hapo ndipo aibu ilipoanza, maana nilifunga maungio kwa utepe mweusi kama baba alivyofunga Mombasa. Lo! Jua la Garissa halijui utepe. Ikifika saa sita mchana ile gundi inayeyuka, utepe unateleza, na yale yanayobaki yananasa mchanga, unywele, manyoya ya mbuzi, kila kinachopita. Waya unaanza mwezi ukiwa waya na kuumaliza ukiwa mkia wa paka aliyenyeshewa.

Mzee mwenye duka hakuwa na haraka ya kunisifu. Alikuwa na tabia moja, na wanaume wengi wa soko lile walikuwa nayo: hakuamini waya mpaka auume. Anachukua ncha, anaitia kwenye meno ya pembeni, anauma na kuvuta, ganda linatoka, anatazama shaba juani, anatema. Anayenunua mbuzi hutazama meno ya mbuzi; yeye kwa nyaya alitumia yake mwenyewe. Kila waya wangu aliuuma, na kila mara alitema utepe na kunitazama kwa huruma ambayo nilitamani kumrudishia usoni.

Basi siku moja likaja sanduku kutoka kwa kaka yake wa Nairobi. Ndani mlikuwa na nyaya za Dubai, nyeusi tii, plagi za rangi ya dhahabu, kila mmoja umekunjwa na kufungwa kwa kamba ndogo, na juu kipande cha karatasi chenye maandishi ambayo hakuna mtu barazani aliyeweza kuyasoma. Watu walizunguka sanduku lile kana kwamba kuna maiti. Mzee akawa anafuta plagi kwa kanzu yake. Kisha akanigeukia.

"Mama, nataka kuweka kabati ya kioo," akasema, kwa Kiswahili chake cha Kisomali ambacho p ilikuwa b na v ilikuwa f. "Haba, kwa meza yako."

"Hapa kwangu?"

"Kwako iko wabi? Baraza ni yangu. Watu nataka kitu iko na sura. Hii fitu yako inafanya kazi, wallahi, sikatai. Lakini sura hakuna."

Nilimwambia kama sura ndiyo inayopitisha sauti basi anunue picha ya waya aitundike ukutani. Wateja wakacheka, na yeye akacheka pia, maana hakuwa mtu mbaya, alikuwa mfanyabiashara. Akakuna ndevu. Ilikuwa karibu na harusi ya dada yake mdogo, harusi ya watu, na alikuwa na tatizo ambalo sanduku la Dubai halikulimaliza. Amplifaya ingekaa upande wa wanaume, karibu na betri ya gari, chini ya macho yake. Lakini shangazi yao, bibi aliyejulikana mji mzima kwa buraanbur, yale mashairi ambayo wanawake wa Kisomali huimba harusini huku ngoma ikigongwa, alikuwa amezeeka sauti, na kina mama walitaka wapewe maikrofoni. Mwanamume haingii ua wa wanawake. Waya ulitakiwa utoke kwa wanaume, uzunguke nyumba, upite chini ya uzio, ufike kwa bibi. Nyaya za Dubai zote zilikuwa fupi.

"Nitengenezee mmoja mrefu," akasema. "Na iwe na sura, mama. Mji yote itakuwa bale. Ikipendeza, meza yako inabaki. Ukiniaibisha, kabati inaingia."

Nikamwambia sawa. Nilisema sawa kwa sauti kubwa ili nisisikie moyo wangu ukidunda.

Kusema ni rahisi. Waya mrefu hivyo sikuwa nao wa kipande kimoja. Niliunga kijivu na cheusi na cheupe, kila ungio nikalilehemu mpaka likang'aa. Utepe nikaufukuza kabisa kazini; badala yake nikavisha maungio kwa mpira wa valvu ya baiskeli, ule mwembamba, unaunyoosha kwa koleo, unapitisha waya, unaachia, unabana wenyewe. Ncha nikazimalizia kwa uzi wa cherehani, nikazunguka na kukaza, kisha nikapaka rangi ya kucha ili uzi usifunguke. Shingo za plagi nikazikinga kwa vipande vya mrija wa kalamu. Kwa kila ungio peke yake, nilistahili kupigiwa makofi. Lakini nilipoutandaza ua mzima, Mungu wangu, ulikuwa nyoka mwenye viraka. Kijivu, cheusi, cheupe, cheusi tena. Nilikaa chini nikalia kwa hasira, wala sioni haya kusema.

Jirani yangu alinikuta hivyo. Alikuwa mama wa makamo kutoka upande wa Bute, kaskazini; ukame ulikuwa umemmalizia ngamia wake na mbuzi wake karibu wote, akaja mjini na mikono yake tu. Nilimwita eedo, shangazi kwa lugha yao, naye aliniita abaayo, yaani dada, ingawa hesabu hiyo ya ukoo haikuwa na mantiki yoyote na hatukujali. Alijikimu kwa kusuka: mikeka, kamba, vifuniko vya vibuyu vya maziwa. Aliusukuma waya wangu kwa ncha ya kandambili.

"Abaayo, mbona hii kitu iko uchi?"

"Iko uchi vipi?"

"Iko uchi! Harusi inakwenda namna hii, bila nguo?" Akachuchumaa, akaupima kwa mkono toka kidole hadi kiwiko, mara nyingi, akinung'unika. Kwao, alinieleza, bibi harusi haondoki bila mikeka na kamba za nyumba yake mpya, na kazi hiyo ni ya mama na shangazi zake, na kamba ya harusi husukwa kwa rangi. Sasa huu waya si kamba tu iliyo na chuma ndani? Basi ausuke.

Tulisuka uani kwangu, alasiri baada ya alasiri. Mimi nilishika waya uliokazwa, yeye akausukia juu yake nyuzi za pamba pamoja na nyuzi za ganda la mti alizozitafuna kwanza ziwe laini, nyeusi na nyekundu ya hudhurungi, zikipandana na kushukiana, zikiubana waya kila upande. Ikawa ngozi. Viraka vikazama ndani kimoja kimoja, kijivu kikaenda, cheupe kikaenda, na kilichotoka kwenye vidole vyake kilikuwa kitu kimoja kirefu, imara, chenye nakshi. Unaukunja, unakubali, unauachia, unalala chini bila kujikunja wenyewe. Nilimwambia aache wazi karibu na plagi, ili nikitaka kufungua nifungue. Alikasirika, ati kamba haiachwi mdomo wazi, tukabishana mpaka chai ikapoa, mwisho akasuka vikofia viwili vya kuvutwa nyuma na kurudishwa. Mimi na baba yangu tungekaa mwaka tusingefikiria kitu kama kile.

Alipomaliza alisema aubakishe kwake usiku mmoja, una kazi ndogo. Sikuuliza kazi gani. Aliponiletea ulikuwa unang'aa, rangi zimeiva, ukiupitisha mkononi unateleza. Niliushika nikacheka peke yangu barabarani nikiupeleka dukani.

Mzee aliutazama. Akaunusa. Akautia kwenye meno kama kawaida yake, akauma, akalamba midomo.

"Inanuka ngamia," akasema. Akauzungusha mkononi mara nyingine. "Lakini mashallah. Iko na sura."

Siku ya harusi nilitandaza waya mwenyewe, tangu kwa wanaume mpaka kwa bibi. Ulipita nyuma ya nyumba, pale ambapo masufuria ya wali yalikuwa motoni na mbuzi wa kuchinjwa kesho yake walikuwa wamefungwa kivulini, ukazama chini ya uzio wa miti, ukaibukia kwetu. Kina mama walivyouona! Waliinama kuushika, wakaulizana nani kausuka, na eedo wangu, ambaye watu wa mjini walizoea kumwita yule mkimbizi wa ukame, alikaa mkao wa malkia. Maikrofoni nikaijaribu: sauti ikatoka kwenye spika ya upande wa wanaume kubwa na safi. Bibi akasimama. Ngoma ikatulia, ikaanza upya polepole, na yule bibi, mdogo wa mwili, akaanza kusifu ukoo wa bibi harusi tangu kwa babu wa babu. Sikujua nusu ya maneno yake lakini nywele zilinisimama.

Katikati ya sifa, sauti ikakatika.

Si kwamba ilikwaruza. Ilikatika kama iliyokatwa kisu. Bibi akaigonga maikrofoni kwa kidole, akanitazama. Wanawake wote wakanitazama. Na ng'ambo ya uzio nikasikia mzee mwenye duka akipaza sauti: "Mama! Mama wa waya! Unaniua mimi!" Kisha kitu kikaruka juu ya uzio na kudondoka miguuni mwetu, waya wa Dubai mmoja, plagi za dhahabu, ukiwa bado na karatasi yake. Mwanamke mmoja akauokota akaunyoosha. Ulifika kutoka kwa bibi mpaka kwenye sahani ya tende. Kicheko kilichopasuka ua mzima, nafikiri kilisikika ng'ambo ya mto.

Mimi sikucheka. Niliushika waya wangu nikaufuata kwa mkono, kidole kwa kidole, nikatoka uani, nikazunguka nyuma ya nyumba, eedo nyuma yangu. Na pale kivulini tukamkuta. Beberu mweupe, kamba yake imelegea, amelala kifalme na waya wangu mdomoni, anatafuna macho amefumba kwa raha.

"Subhanallah," akasema eedo, akajishika kichwa. "Samli."

"Samli gani?"

"Samli na chumfi. Mimi nimetia." Alinieleza huku tunamvuta beberu taya. Kamba ya ngamia isipopakwa samli jua huikausha ikapasuka, na chumvi huwekwa mchwa wasiiguse. Mama yake alifanya hivyo, na mama wa mama yake. Hakuna kamba aliyopata kuisuka isipakwe. Haikumjia hata kidogo kwamba kamba ya ngamia hukaa juu ya ngamia, mbali na midomo ya mbuzi, na hii ingelala chini. Nilitaka kumkaripia, maana meza yangu ilikuwa ikitafunwa mbele ya macho yangu. Nilipomwona uso, hasira yote nikaihamishia kwa beberu.

"Tulia," nikamwambia. "Leta makaa."

Makaa yalikuwapo tele, harusi ni makaa. Chuma cha baba siku zote nilikibeba kwenye kikapu, na siku ile zaidi ya siku zote. Nikakichomeka chini ya sufuria la wali, wapishi wakanipisha, eedo akakata kipande kilicholoa mate kwa kisu cha nyama na kufungua nyuzi. Nikamenya, nikapotoa, nikalehemu, nikavuta mpira wa valvu juu yake. Eedo akafumba jeraha kwa kusuka papo hapo, vidole vyake vinakwenda sivioni. Upande wa wanaume mzee bado anapiga kelele kwamba ameaibika, amekwisha, kabati linaingia kesho asubuhi. Nikamjibu kwa sauti ya kutosha mtaa: "Kabati lako lijue kuimba!" Kisha nikarudi uani, nikamwambia bibi aendelee.

Akaendelea. Na hakuendelea pale alipoachia. Kina mama walinong'ona, bibi akasikia habari yote, na yule mwanamke aliyezeeka sauti akageuza shairi papo kwa papo: akamtia beberu ndani, akamtia kaka wa bibi harusi na kamba yake fupi ya dhahabu ambayo haifiki kwa wanawake, akamtia msukaji wa kutoka Bute na Mswahili anayekula moto. Yote yalitoka kwenye spika upande wa wanaume, safi, bila mkwaruzo. Wanawake walipiga vigelegele mpaka ngoma haikusikika. Eedo alikuwa analia na kucheka pamoja, na mimi nilikuwa nimeshika chuma cha moto mkononi na machozi yananitoka, simfichi mtu.

Siku ya pili nilikwenda barazani asubuhi na mapema nikijua kwamba meza ni yangu. Mzee alikuwa ameshafika. Aliagiza chai, jambo ambalo hakulizoea, akanivutia kiti.

"Mama, umeshinda," akasema. "Mji yote inauliza ile waya. Meza yako inabaki. Nataka unitengenezee nyingi, nitauza dukani."

Nikamshukuru Mungu. Nikamwambia nitamleta eedo akae nami, tutasukia hapa hapa.

Akakunja uso. Hapana, huyo mama abaki kwake. Na ile nguo iondolewe. Watu, alisema, wameipenda kwa kicheko cha harusi, lakini dukani mtu hatoi pesa kwa kitu kinachofanana na mzigo wa ngamia wa mama yake. Kazi nzuri ile ya ndani, niifunike kwa bomba jeusi la plastiki, kaka yake atalileta kutoka Nairobi. Na karatasi pia ataleta, zile zenye maandishi. "Tutabandika, itakuwa Dubai kabisa," akasema, na akatabasamu kwa upole, kama mtu aliyeniletea zawadi. "Hakuna mtu atajua ni yako."

Hilo ndilo lililonichoma. Si kunifukuza, kunibakiza hivyo. Nimekula moto, nimetoboka vidole, mwanamke mwenzangu amesuka mpaka kucha zimepasuka, na ujira wa kupendeza kwetu ni kwamba hakuna mtu atajua. Nilimuuliza kama dada yake alipoolewa walimbandika karatasi ya Dubai. Akasema nisitie dada yake maneno. Nikamwambia basi na mimi asinitie karatasi. Ng'o! Kama waya huu ni wa Garissa, utauzwa ukiwa wa Garissa, una nguo yake na harufu yake, na asiyeutaka auache.

"Basi toa meza," akasema.

"Natoa."

Na nikaitoa. Sikusubiri mume wangu arudi na lori anisaidie. Nilikwenda kumwita eedo, akashika miguu ya nyuma nami miguu ya mbele, tukaibeba ile meza katikati ya barabara mchana kweupe, wenye maduka wakitutazama, mbuzi wakitupisha. Nilikipenda kile kivuli. Nilijua pia kwamba mume wangu akija atasema nimeyataka mwenyewe, na kweli alisema, nikamwambia ndiyo, nimeyataka mwenyewe.

Tuliiweka sokoni kwa wauza maziwa, kati ya madumu na vibuyu, mahali ambapo hakuna mwanamume aliyedai kuwa mwenye baraza. Kivuli chetu kilikuwa turubai kuukuu la lori. Kina mama walituchekea mwanzoni, kisha wakatusogezea nafasi, kisha wakaanza kututetea kwa wapita njia kuliko tulivyojitetea wenyewe. Na eedo akatafuta dawa ya mbuzi. Samli aliiacha kwa shingo upande, lakini badala yake alichemsha nyuzi katika utomvu wa shubiri, ule mmea mchungu uliojaa kwenye vichaka vya kule, ambao mama humwachisha nao mtoto ziwa kwa kuupaka kwenye chuchu. "Mtoto anaacha," akasema, "mbuzi ni nani asiache?" Tulimpa beberu mmoja wa jirani kipande ajaribu. Alikivuta mdomoni mara moja tu, akakimbia akitikisa kichwa, na tangu siku hiyo alizunguka mbali na meza yetu.

Wakaja watu. Wapiga muziki wa harusini walikuja, misikiti ikaja, walimu wa bara wakanunua za redio zao wakapeleka na kwao. Waliuliza ule waya wenye nguo. Hakuna aliyeuliza karatasi.

Msimu wa harusi uliofuata, adhuhuri moja ya joto, nikaona kanzu ninayoijua ikija kati ya madumu ya maziwa, inainuliwa isiguse chini. Mzee mwenye duka. Alitusalimia vizuri, tukamjibu vizuri. Akasema anatafuta waya mrefu, binti yake anaolewa, na shangazi ameapa hafungui mdomo kwa waya mwingine. Nikamkabidhi mmoja mpya, mwekundu na mweusi, umekunjwa. Akaugeuza, akautazama, nikaona umempendeza. Kisha, kwa mazoea, kabla sijafumbua mdomo, akautia kwenye meno ya pembeni, akauma kwa nguvu, akavuta.

Uso wake uligeuka polepole. Macho yakamtoka, ndevu zikatikisika, akainama akatema, akatema tena, akatafuta maji, na mama mmoja akampa kikombe cha maziwa huku amejiziba mdomo kwa mtandio. Soko zima lilikuwa likimngoja. Eedo hakuinua kichwa kutoka kwenye kusuka kwake.

"Bole," akamwambia. "Hiyo tumewekea mbuzi."